Benjamin Franklin na njia ya moshi

Wengi wetu tunamujua Benjamin Franklin kwa uso. Yeye njo yule muzee mwenye nywele ndefu kwenye noti ya dola 100, ile noti tunayoigeuza-geuza na kuiangalia kwenye mwangaza mbele ya kuipokea. Wenye kusoma masomo wanajua pia habari ya radi: alirusha kishada wakati wa mvua na kuonyesha kama radi ni umeme. Hiyo imekwisha kuandikwa mara mingi. Leo tunaeleza upande wa maisha yake ambao hausikiki sana. Kwa miaka zaidi ya 50 huyu mutu alishughulika na moto wa nyumba, masizi na njia ya moshi, na kazi hiyo iliokoa nyumba za watu wadogo mbele ya kumupa yeye jina kubwa.

Alizaliwa Boston, Amerika ya Kaskazini, tarehe 17 Januari 1706. Wakati ule nchi ilikuwa bado koloni ya Waingereza. Baba yake, Josiah Franklin, alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, na watoto wake walikuwa 17. Benjamin ni wa 15. Katika nyumba ya namna ile moto hauzimiki, kwani mafuta ya nyama yanapaswa kuchemuka chunguni siku kwa siku. Alipokuwa na miaka 5, mwaka wa 1711, moto uliteketeza nyumba karibu 100 za Boston. Shule aliifanya kidogo sana. Kwa miaka 12 walimutia kazini kwa kaka yake James, fundi wa kuchapa magazeti. Kaka alikuwa na mukono mwepesi wa kupiga, na mudogo hakuvumilia: mwaka wa 1723, akiwa na miaka 17, alitoroka na kufika Philadelphia, na feza kidogo tu mufukoni.

Pale Philadelphia alifanya kazi kwa nguvu. Mwaka wa 1729 alikuwa amekwisha kushika gazeti lake mwenyewe, Pennsylvania Gazette. Mwaka uliofuata alioana na Deborah Read, mwanamuke aliyejua biashara, aliyekunja karatasi za gazeti na kuuza dukani.

Sasa tuseme namna nyumba za kule zilivyokuwa, kwa maana bila hiyo musomaji hataona hatari iko wapi. Ni nchi ya baridi kali. Hakuna umeme, hakuna gazi, makaa ya mawe ni haba. Watu wanaota moto wa kuni na kupika juu yake. Jiko limejengwa ndani ya ukuta, na juu yake kuna shemine ya matofali inayopanda katikati ya nyumba mpaka juu ya paa. Moshi unapopanda unapoa, na unapopoa unaacha masizi kwenye kuta za shemine. Kuni zikiwa mbichi masizi yanaongezeka, mazito, yenye kunata kama lami. Tena masizi hayo si vumbi ya bule: ni chakula cha moto. Siku moja mama anaweka kuni kavu nyingi, cheche inapanda, masizi yanashika. Shemine inaunguruma kama mashine, na ndimi za moto zinatoka juu. Cheche zinaanguka juu ya paa, na paa za wakati ule zilikuwa za vipande vya mbao. Pengine tofali limepasuka ndani, mahali pasipoonekana, na moto unapita kwenye ufa unakuta muti wa dari. Familia inalala, moto unatembea ndani ya ukuta.

Mwezi wa Aprili 1730 moto uliwaka Philadelphia kwenye gati za muto Delaware. Maduka na nyumba nzuri za wafanya biashara ziliungua. Watu walikuwako wengi, nguvu ilikuwako, lakini pampu nzuri na vyombo vya kufaa havikuwako. Franklin aliitangaza ile habari katika gazeti lake. Kuanzia pale hakuacha tena jambo hilo.

Mwezi wa Februari 1735 alichapa barua ndefu juu ya kulinda muji na moto. Aliiandika kana kwamba ni ya muzee mumoja wa muji, yeye mwenyewe akiwa na miaka 29 tu! Hakuanza na pampu wala na ndoo. Alianza na mama wa nyumba. Katika baridi watu walikuwa na desturi ya kuchota makaa ya moto kwa koleo na kuyapeleka kutoka chumba kimoja mpaka kingine, au kupanda nayo ngazi. Kipande kidogo kinaanguka katika ufa wa mbao, hakionekani, hakinuki, na usiku wa manane ngazi inawaka. Sasa wenyeji wanapaswa kuruka kwa dirisha. Yeye alitaka makaa yabebwe paka katika chombo chenye kifuniko.

Kisha aliingia katika ujenzi. Alilaumu majiko yenye sakafu fupi mbele, ambapo kaa likiruka linaangukia mbao. Alilaumu pia urembo wa mbao uliozunguka midomo ya majiko ya watu wenye cheo. Aliona kama sheria inafaa kukataza vyote viwili.

Lakini neno lake la nguvu lilikuwa juu ya wafagia shemine. Pale Philadelphia mutu yeyote aliweza kujiita mufagiaji. Anakuja, anakwangua kidogo mahali mukono unapofika, anapokea feza, anakwenda. Mwenye nyumba anaamini kama shemine iko safi. Kwa sababu ya ile imani anawasha moto mukubwa kuliko jana, na siku chache tu nyuma ya kufagiwa shemine inawaka vibaya. Franklin alikuwa ameona mambo ya namna hiyo. Shauri lake: wafagiaji wapewe ruhusa na meya wa muji, na kama shemine inatoa ndimi za moto mbele ya siku 15 kupita tangu kufagiwa, amandi isilipwe na mwenye nyumba, ilipwe na yule aliyefagia.

Kwa mawazo yetu, katika maandiko yake yote juu ya moto, hilo njo shauri la akili kuliko mengine. Siku 15 ni muda mufupi. Masizi mengi hayawezi kurudi kwa haraka ile. Kwa hiyo yakiwaka, ni yale ya zamani yaliyoachwa. Hesabu ni nyepesi na hakuna mabishano. Wachimbaji hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: aliyesema kama dari ya shimo ni nzima, yeye njo wa kwanza kuulizwa likianguka.

Katika barua ile ile alisema tena kama pampu za moto zilikuwa zimekwisha kutosha mujini, lakini katika mitaa mingi maji ya kuzitumikisha nusu saa moja hayapatikani. Pampu bila maji ni chuma tu. Alitaka visima vya watu wote viongezwe. Akatoa pia mufano wa Boston, muji wake wa kuzaliwa, ambako watu walikuwa wamejiunga kusaidiana siku ya moto.

Watu walisoma, wakazungumuza, na tarehe 7 Desemba 1736 kundi la kwanza la mapompie wa kujitolea likazaliwa Philadelphia. Jina lake Union Fire Company. Kila memba alipaswa kuwa na ndoo za ngozi za kubebea maji, na mifuko yenye nguvu ya kutolea vyombo ndani ya nyumba inayowaka. Pengine mutu atauliza mifuko ni ya nini. Jibu ni kwamba wakati wa moto wezi wanakuja pamoja na wasaidizi. Chombo kilichowekwa ndani ya mufuko wa rafiki hakipotei bule. Walikutana mara moja kwa mwezi, wakala pamoja, wakasema juu ya moto. Asiyekuja alilipa amandi, na zile feza zilinunua pampu, ngazi na vyuma vya kuvutia paa. Memba walikuwa 30. Wengine walipoomba kuingia, waliambiwa waunde kundi lao wenyewe, na waliunda, tena na tena, mpaka karibu kila mwenye mali mujini alikuwa ndani ya moja. Muzee Franklin alipoandika habari za maisha yake, alisema kama tangu kuanza kwa hayo makundi Philadelphia haikupoteza zaidi ya nyumba moja au mbili kwa moto mumoja.

Tusifiche upande mwingine. Wakati ule, ndani ya shemine mutu mukubwa hakuweza kupita. Waliopanda ni watoto. Kule Uingereza watoto wadogo walisukumwa katika zile njia nyembamba, magoti na viwiko vikichunika, masizi machoni na mapafuni. Katika miji ya Amerika kazi hiyo ya masizi iliangukia sana watu weusi, wakubwa kwa watoto. Na Franklin mwenyewe, kwa miaka mingi, alikuwa na watumwa nyumbani. Gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu na ya kutafuta watumwa waliotoroka, yeye aliyekuwa ametoroka bwana wake akiwa na miaka 17! Alipokwenda London mwaka wa 1757 alichukua watumwa wawili, Peter na King, na King alitoroka. Mawazo yake yaligeuka polepole, na yaligeuka kwa kuchelewa. Tutarudi pale.

Karibu mwaka wa 1742 alitengeneza jiko la chuma. Aliona kama katika jiko la ukutani joto karibu lote linakimbia na moshi, mutu anaungua mbele na kuganda mugongoni, na kuni zinakuwa bei kila mwaka. Jiko lake lilikuwa sanduku la vyuma lenye kupasha hewa na kuirudisha chumbani. Vyuma vilitengenezwa kwa rafiki yake Robert Grace. Mwaka wa 1744 alichapa kitabu kidogo cha kulieleza. Gavana wa Pennsylvania alitaka kumupa breve, ili yeye peke yake awe na haki ya kuliuza kwa miaka kazaa. Alikataa. Aliona kama sisi tunafaidi vitu vilivyovumbuliwa na wengine, na inafaa vyetu vifaidi wengine bila malipo. Mufanya biashara mumoja wa London aligeuza kidogo tu, akachukua breve kule, akapata mali.

Lile jiko halikuwa kamili, lazima tuseme. Moshi ulipaswa kushuka kwanza nyuma ya chuma, ndipo upande kwenye shemine. Moshi haupendi kushuka. Shemine ikiwa baridi, ulirudi chumbani. Waliokuja nyuma walilinyoosha, na majiko mengi yaliyobeba jina lake hayakufanana tena na lile la kwanza.

Mwaka wa 1752 ulikuwa mukubwa kwake. Mwezi wa Aprili yeye na wenzake walianzisha asiransi ya nyumba juu ya moto, Philadelphia Contributionship, yenye alama ya mikono minne iliyoshikana, na mbele ya kukubali nyumba walituma mutu kuikagua. Mwezi wa Mei, karibu na Paris, kule Marly-la-Ville, Wafaransa walifuata maandiko yake, wakasimamisha fimbo ya chuma na kuvuta umeme wa mawingu. Yeye alirusha kishada chake mwezi wa Juni. Mwaka uliofuata, almanaka yake ilieleza watu namna ya kulinda nyumba kwa paratonere: fimbo ya chuma juu ya paa, inayoshuka mpaka ndani ya udongo. Sisi wa Katanga, tunaojua mvua ya Desemba, tunaweza kupima wema wa jambo hilo bila maneno mengi.

Halafu siasa ikamuchukua. Miaka mingi alikaa London kutetea koloni yake. Mwaka wa 1765 nyumba yao mupya ya Philadelphia ilikuwa inamalizika, na Deborah peke yake aliisimamia. Kutoka London bwana aliandika akisikitika kama hakuwako kumalizia jiko la kupikia, kwani alilipanga kama mashine, lenye njia zake za kutoa mvuke, harufu na moshi, na aliogopa muke wake hatajua kulitumia. Musomaji mwanamuke atacheka hapa. Bibi alipika miaka yote, na bwana anaogopa kama hatajua jiko! Deborah alikufa mwezi wa Desemba 1774, miaka 10 bila kumuona mume wake. Hilo ni deni ambalo hakuna uvumbuzi unaolilipa.

Mwaka wa 1776 alitia mukono wake kwenye tangazo la uhuru wa Amerika, na mwisho wa mwaka ule alitumwa Ufaransa kutafuta musaada. Alikaa karibu na Paris mpaka 1785, akipendwa na wakubwa na wadogo. Aliporudi kwao alikuwa na miaka 79, mugonjwa wa mawe ya kibofu. Wengine wangelala muda wote wa safari. Yeye, katikati ya bahari, mwezi wa Agosti 1785, alikaa na kuandika barua ndefu kwa daktari Jan Ingenhousz, rafiki yake wa Vienna, juu ya shemine zenye kurudisha moshi: sababu zake 9 na dawa ya kila moja.

Sababu ya kwanza wachimbaji wataitambua mara moja. Moshi hautoki kama hewa haiingii. Nyumba iliyofungwa vizuri sana, milango bila pengo, madirisha yamezibwa, inanyima shemine pumzi, na moshi unarudi kwa watu. Ni sawa na shimo lenye tundu moja: hewa mbaya itatoka wapi, kama mupya haina pa kupita? Alitoa namna nyepesi ya kupima. Washa moto, funga mulango polepole mpaka moshi uanze kurudi, kisha ufungue kidogo kidogo mpaka uende tena juu. Pima lile pengo la mulango. Hicho njo kiasi cha hewa ambacho moto wako unadai, nawe uutafutie njia, juu karibu na dari, isipige watu miguuni.

Hapa tunaongeza neno letu. Mbabula haina shemine. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa Juni na Julai, familia ikiingiza mbabula chumbani na kuziba mulango kwa nguo, inafanya lile lile Franklin alilokataza, na tena bila njia ya kutokea. Ipike inje, ibaki inje.

Katika barua ile kuna habari moja tunayoipenda kuliko zote. Rafiki yake, karibu na London, alikuwa na chumba kizuri ambacho hakuna aliyeweza kuwasha moto ndani. Moshi wote ulirudi. Franklin alikwenda akijiamini. Alifungua mulango: si ukosefu wa hewa. Alipunguza mudomo wa jiko: hakuna kilichogeuka. Alitoka inje kuangalia kichwa cha shemine: iko sawa na jirani zake, nazo zinavuta vizuri. Mwishoni alikubali kama akili yake imefika mwisho. Nyuma, mwenye nyumba, ambaye hakujifanya mujuzi wa jambo lolote, alichukua ngazi, akapanda mpaka juu, akachungulia ndani. Shemine ilikuwa imejaa vijiti, majani makavu na udongo, na ndani yake manyoya. Nyumba ilikaa miaka bila watu, na ndege wakubwa walijenga pale. Walitoa ule uchafu, na moshi ukapanda vizuri. Franklin aliandika yote hayo bila kuficha kushindwa kwake. Wajuzi wengi wangeiacha ile habari inje ya barua.

Alipofika Philadelphia, mwezi wa Septemba 1785, hakupumuzika. Aliongeza nyumba yake na kujenga zingine. Safari hii alifuata mashauri yake mwenyewe: mbao za chumba kimoja hazikugusana na mbao za chumba kingine, sakafu na ngazi zilipakwa plasta chini ya mbao, na juu kulikuwa milango midogo ya kutokea paani, ili mutu aweze kulilowanisha paa kama nyumba ya jirani inawaka. Na hata hivyo alitamani ngazi za mawe, kama zile alizoziona Paris.

Mwaka wa 1787 alikubali kuwa mukubwa wa chama cha Pennsylvania cha kumaliza utumwa. Mwezi wa Februari 1790 aliandikia Bunge la Amerika ombi la kuvunja biashara ya watu na utumwa wenyewe. Bunge liliweka ombi pembeni. Yeye alikufa miezi miwili nyuma, tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84. Walimuzika Philadelphia karibu na Deborah. Habari ilipofika Paris, Bunge la Ufaransa lilivaa nguo za kilio siku 3.